Kimbunga cha Pwani, Mvua ya Meru

Mwezi wa Machi ukipanda kutoka Tengeru kwenda Akeri au Poli, utakuta watu wamesimama mashambani mikono kiunoni, wakitazama juu. Wanatazama mlima Meru. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na wengi wa majirani zangu hawajawahi kuiona ila kwenye televisheni. Redio ikitangaza kwamba kuna kimbunga Msumbiji, watu husikitika kidogo, hupunguza sauti, kisha huendelea na mambo yao. Hayo ni ya watu wa pwani.

Mimi ni mtu wa pwani. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, nikaolewa Meru, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifundisha jiografia katika sekondari moja ya huku. Kwetu Kilwa nilijifunza kuogopa kimbunga kwa sababu ya upepo na mawimbi. Huku mlimani nimejifunza kukiogopa kwa sababu nyingine kabisa: kikikaa mahali fulani baharini kinatunyima mvua, na kikikaa mahali pengine kinatumwagia mvua hadi makorongo yanafurika. Jambo hili halisemwi vya kutosha Arusha, na linatugharimu.

Nianze na Machi ya mwaka 2019. Mvua za kwanza zilinyesha kidogo, zikalowesha udongo, na mama mkwe wangu akapanda mahindi pamoja na maharage katikati ya mistari, kama alivyozoea tangu ujana wake. Mahindi yakachomoza. Baada ya hapo mawingu yakaondoka. Nakumbuka majani yale machanga yalivyojikunja asubuhi na mapema, kabla hata jua halijawa kali, na ncha zake zikageuka rangi ya majani makavu ya mgomba. Mama alikuwa akichimba na kidole pembeni ya shina kutafuta unyevu, anakuta vumbi. Ilibidi mbegu inunuliwe upya. Kwa bei ya mbegu ya dukani, kupanda mara mbili ni ada ya mtoto imekwenda.

Siku hizo hizo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia Beira. Kimbunga Idai kiliingia Msumbiji mwanzoni mwa Machi kikiwa bado dhaifu, kikarudi kwenye mlango-bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska, kikajikusanyia nguvu juu ya maji ya moto, kisha usiku wa Machi 14 kikaivamia Beira. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya walieleza wakati ule kwamba Idai ndicho kilichochelewesha mvua za masika huku kwetu Afrika Mashariki. Kimbunga kikubwa kikikaa katika mlango-bahari ule, huuvuta kwake unyevu wa eneo zima. Upepo ambao ungetuletea mvua hukatishwa njiani, ukaishia kulisha mvua za huko kusini. Mama mkwe wangu hakujua kwamba mahindi yake ya Meru na nyumba za Beira zilikuwa na adui mmoja. Hakuna aliyemwambia.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja tu. Machi 2018 vimbunga viwili, Dumazile na Eliakim, vilifuatana upande wa mashariki wa Madagaska, na Eliakim kikatua kaskazini mashariki mwa kisiwa hicho Machi 16. Huku kwetu matokeo yakawa kinyume. Mvua zilinyesha Afrika Mashariki nzima bila kupumzika, na msimu ule ule, usiku wa Mei 9, bwawa la Solai karibu na Nakuru lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Wataalamu waliochunguza mvua zile wameonyesha kwamba vimbunga vya mashariki ya Madagaska, vikishirikiana na wimbi kubwa la mawingu linalozunguka kandokando ya ikweta, viligeuza mwelekeo wa upepo. Badala ya upepo wetu wa kawaida wa kutoka baharini, ukaja upepo wa magharibi kutoka msitu wa Kongo, umebeba unyevu mwingi.

Hiyo si kanuni isiyovunjika. Vipo vimbunga vinavyopita bila kutugusa. Lakini mwanafunzi wangu wa kidato cha pili akishaelewa namna kimbunga kinavyozaliwa na kuzunguka, hapati shida kuona kwa nini mahali kinapokaa ni jambo kubwa.

Chakula cha kimbunga ni bahari ya moto. Maji ya juu yakifikia nyuzi joto 26 na nusu hivi, tena joto hilo likishuka chini kwa makumi ya mita, mvuke hupanda kwa wingi. Mvuke ukifika juu hupoa, hugeuka mawingu, na ukigeuka hutoa joto lililokuwa limejificha ndani yake. Joto hilo huzidi kuisukuma hewa juu, na pale chini hubaki upungufu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huuita mgandamizo mdogo wa hewa. Hewa ya pande zote hukimbilia kuziba upungufu huo, lakini kwa kuwa dunia inazunguka, hewa haiendi moja kwa moja, hupinda. Kusini mwa ikweta hupinda hadi kimbunga kizima kikazunguka kama mishale ya saa. Shika hilo: kwa mzunguko huo, upande wa kaskazini wa kimbunga upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana kimbunga kilicho mbali, huko mashariki ya Madagaska, kinaweza kusaidia kuivuta hewa ya Kongo ipite juu ya Ziwa Victoria hadi Meru.

Karibu na ikweta mpindo huo ni hafifu mno, hewa hujaza upungufu kabla haujawa kimbunga. Tanzania ipo kati ya nyuzi 1 na karibu 12 kusini mwa ikweta, na upande wa kusini mashariki Madagaska imesimama kama boma. Kwa sababu hizo mbili vimbunga vingi hutupita. Vingi, si vyote. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuharibu merikebu za Sayyid Barghash. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Bibi yangu alikuwa msichana aliyeolewa karibuni, na alitusimulia jinsi mapaa ya makuti yalivyopeperuka mazima mazima na watu wakalala wamekumbatia vigogo vya minazi iliyoanguka. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni hadithi za kututisha. Leo nawafundisha wanafunzi wangu mwaka ule kwa tarehe.

Halafu kikaja Hidaya. Mei 1, 2024, macho ya wengi hapa Arusha yalikuwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ambako Mei Mosi ya kitaifa ilikuwa ikiadhimishwa. Siku hizo TMA ikatoa taarifa kuhusu mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa pwani ya Mtwara. Muda si muda mgandamizo ule ukapewa jina. Majina hayo hutolewa kwa mfuatano wa herufi kwa msimu mzima, na nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ndizo zinazoyapendekeza. Msimu ule tulikuwa tumeshapita Belal kilichoipiga Réunion mwezi Januari, na Gamane kilichoitesa Madagaska mwezi Machi. Hidaya kilikua haraka. Upepo wake ulivuka kilomita 118 kwa saa, kiwango kinachotenganisha dhoruba na kimbunga kamili, jambo la nadra sana karibu hivyo na ikweta na karibu hivyo na pwani yetu.

Nilimpigia kaka yangu Kilwa Masoko.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Huko mlimani hamjambo?”

“Hatujambo. Habari za bahari?”

“Bahari imechafuka. Vyombo vyote tumevivuta juu, dau la marehemu baba nimelifunga kwenye mkungu. Safari hii watu wa hali ya hewa wametuambia mapema, hakuna aliyetoka.”

Usiku wake akanipigia yeye. Mlio niliousikia nyuma ya sauti yake sijawahi kuusikia Kilwa, na nimekulia huko. “Ni kusi,” akasema, “lakini kusi gani hii ya kung'oa minazi?” Alikuwa sahihi kuhusu mwelekeo. Kimbunga kilikuwa mashariki yake, na kwa mzunguko niliokwisha kuueleza, upande wa magharibi wa kimbunga upepo hutoka kusini.

Mei 4 Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu, na TMA ikatangaza kwamba baada ya kugusa nchi kavu kimekwisha. Nchi kavu haina mvuke wa kukilisha. Lakini mvua iliyokuwa ndani yake ilikuwa bado ina pa kwenda. Boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa haifikiki kwa njia hiyo. Mabasi yalipanga foleni pande zote mbili za maji. Kaka yangu alisalimika, dau likasalimika, na mengi ya vyombo vya jirani zake pia. Nawapa TMA heshima yao kwa hilo. Wavuvi wanaofuata kusi na kaskazi tangu mababu walikubali kukaa nchi kavu kwa sababu ya tangazo la redio, na imani ya namna hiyo hujengwa polepole.

Taarifa zile zilitaja Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Unguja na Pemba. Arusha haikuwamo, na haikustahili kuwamo, kwa kuwa upepo wa Hidaya usingeweza kutufikia. Ninachodai mimi ni kitu tofauti. Huku kwetu bahari haitumi upepo wa kuezua mapaa. Inatuma mvua, au inaizuia.

Tazama tulivyokuwa wakati ule. Wiki tatu kabla ya Hidaya, Aprili 12, mvua ilinyesha Arusha usiku na asubuhi. Upande wa Sinoni, gari la shule lilijaribu kuvuka korongo lililojaa maji, likasombwa. Watoto wanane walikufa, na mtu mzima mmoja aliyejitosa kuwaokoa akafa pamoja nao. Siku ile hapakuwa na kimbunga popote karibu na pwani yetu. Kulikuwa na bahari iliyochemka kupita kawaida, El Niño iliyoanza mwaka uliotangulia, na masika iliyokuta ardhi imeshalowa. Aprili 25 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236, na zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika. Hayo yote kabla Hidaya hakijapewa jina. Joto lile lile la bahari lililokilisha Hidaya lilikuwa limeshatulisha sisi maji kwa wiki nyingi.

Baada ya msiba wa Sinoni nilikwenda kusimama kwenye korongo moja karibu na shule yetu pamoja na wanafunzi. Kiangazi unavuka pale bila kulowesha kiatu. Kuta zake ni majivu ya volkano yaliyoganda: ukikwangua kwa ukucha yanamomonyoka, ukimwagia maji yanayeyuka. Mwanafunzi mmoja akaokota kipande chenye ukubwa wa ngumi, akakitia kwenye chupa ya maji na kuitikisa, na punde chupa ikawa na uji mweusi. Meru ni volkano. Mara ya mwisho ilitoa moshi na majivu mwaka 1910, na zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote, ndipo yakapatikana maziwa ya Momela. Udongo huo ndio unaotupa kahawa, ndizi, parachichi na karoti. Udongo huo huo, mvua ikizidi, unashuka.

Desemba 3, 2023 tuliona mlima mwingine wa volkano, Hanang, ukimwaga tope juu ya mji wa Katesh mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kila nikiona shamba jipya limelimwa hadi ukingoni mwa korongo huku juu, na miti ya kingo imekatwa ili kupata mistari miwili zaidi ya viazi, Katesh inanijia. Sisemi kwamba Meru itafanya vile kesho. Nasema hatuna sababu ya kuisaidia.

Mvua ya Meru haigawanywi sawa. Upepo wa kutoka baharini hugonga ubavu wa kusini na kusini mashariki, hupanda, hupoa na kumwaga maji: Nkoaranga, Poli, Akeri na Sing'isi hunufaika. Ukizunguka hadi Ngarenanyuki na Oldonyosambu, hewa imeshashusha mzigo wake. Nyanya na vitunguu vya Ngarenanyuki hutegemea mifereji inayotoka mlimani. Kwa hiyo upepo ukigeuka kwa sababu ya kimbunga, hata wale waliozoea kukosa wanaweza kushtukizwa. Na maji yakishashuka hayaishii Arusha. Themi, Naura na mito ya Usa na Maji ya Chai huingia Kikuletwa, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, huwa mto Pangani na kumwagika baharini Pangani mjini. Watu wa Mbuguni, huko chini tambarare, huona mafuriko huku kwao hakujanyesha hata tone. Mkulima wa Poli asiyezibua mfereji wake anamwachia mtu wa Mbuguni kazi.

Ubaoni darasani kwetu tumebandika ramani ya Bahari ya Hindi tuliyoichora kwenye karatasi za manila. Kila mara kimbunga kinapotangazwa kati ya Novemba na Mei, wanafunzi huandika latitudo na longitudo yake kila siku na kuchora njia. Walifuata Chido, Desemba 2024, hadi Mayotte tarehe 14 na Cabo Delgado siku iliyofuata, na darasa zima lilinyamaza walipoona kalamu inavyopita karibu na mpaka wetu wa kusini. Pembeni ya ramani wanaandika kipimo cha mvua cha shuleni. Sidai kwamba ramani ya watoto ni utafiti. Lakini watoto hao sasa wanauliza swali ambalo wazazi wao hawakufundishwa kuuliza: kipo upande gani wa Madagaska?

Mama mkwe wangu amelichukua swali hilo. Siku hizi mvua za kwanza za Machi zikinyesha, haendi shambani mara moja. Humwuliza mjukuu wake kama kuna kimbunga kati ya Msumbiji na Madagaska. Kikiwapo, mbegu inakaa ndani ya debe. Majirani wawili watatu wamemwiga. Wengine wanamwona mwoga.

TMA hutoa mwelekeo wa masika kila mwaka kabla ya msimu, na hutaja nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani sisi Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Hutoa pia maonyo ya siku tano kwa viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Watu wa huku wameanza kuzijua rangi hizo, hasa baada ya Sinoni. Ninachoomba ni sentensi moja iongezwe kila kimbunga kinapojitokeza kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi: kwamba kwa mahali kilipo, wakulima wa nyanda za juu kaskazini mashariki watarajie mvua kupungua au kuzidi, na kwa siku ngapi. Wataalamu wetu wanaweza kuiandika. Redio za Arusha ziisome jioni ya Jumanne na ya Ijumaa. Jumatano na Jumamosi ni siku za gulio Tengeru, na mwezi wa Machi wengi hununua mbegu siku hizo, asubuhi na mapema.